Picha ya babu mwenye sare: mwongozo kamili wa kuitambua, kuipiga nakala na kuitunza

Katika nyumba nyingi za Nairobi kuna picha moja ambayo hakuna anayethubutu kuitupa, wala hakuna anayejua kuieleza. Kijana amesimama wima, kofia pana imekunjwa ukingo upande mmoja, mikono imebana mapaja. Au ni mama aliyeketi na mtoto mapajani, nyuma yake pazia lililochorwa nguzo na maua. Ukiuliza unaambiwa, "Huyo ni babu, alienda Bama," yaani vitani Burma, na habari inaishia hapo.

Mwongozo huu ni wa mwenye picha ya namna hiyo, iwe ya askari au ya raia, ya Vita Kuu ya 1914 hadi 1918, ya Vita vya Pili vya Dunia, au ya Hali ya Hatari ya wakati wa Mau Mau. Nimeshika nyingi, za kwetu na za majirani hapa Eastlands, na kosa ninaloliona mara kwa mara ni kuanza na mashine. Watu wanakimbilia skana, wanakimbilia programu ya kung'arisha sura, halafu ndipo wanakumbuka kwamba kuna bibi Murang'a au Kakamega aliyeyajua majina yote, na bibi huyo amezikwa mwezi uliopita. Utaratibu ninaoufuata ni huu: majina kwanza, kisha kuichunguza picha yenyewe, kisha nakala, kisha hifadhi.

Hatua ya kwanza: mfuate mwenye majina

Piga hesabu. Kijana aliyekuwa na miaka 18 mwaka 1944 alizaliwa 1926. Mtoto aliyepakatwa kwenye picha ya mwaka 1954 sasa amepita miaka sabini. Hao ndio wenye majina, na kila mwaka wanapungua.

Usisafiri na picha asili. Ipige kwa simu, nenda saiba au studio yoyote, itoe kwenye karatasi ya A4. Macho ya mzee hayatauona uso wenye ukubwa wa punje ya mahindi, lakini ukimpa karatasi kubwa ataisogeza, ataiinamisha kwenye mwanga, na mara nyingi kidole chake kitamfikia mtu kabla ya maneno kutoka. Nenda asubuhi akiwa hajachoka. Omba ruhusa ya kurekodi sauti. Mwache aseme kwa lugha yake ya nyumbani, tafsiri utaifanya wewe baadaye.

Kisha chunga sana namna unavyouliza. Ukisema "Huyu si ndiye babu?" mzee mwenye adabu atakukubalia ili asikuaibishe. Sema "Hawa ni kina nani?" halafu nyamaza.

Kwetu kulikuwa na picha ya askari wawili. Mmoja mrefu, mabega mapana, anatabasamu. Mwenzake mfupi, kofia imemzidi kichwa. Miaka yote tulisema yule mrefu ndiye babu mzaa mama, na binamu yangu mmoja alikua akijivunia kwamba kimo chake amekirithi kwake. Desemba 2019 nilimpelekea bibi ile karatasi kubwa nikamwuliza kwa namna niliyoieleza. Akaweka kidole kwa yule mfupi. "Huyu ndiye wangu." Yule mrefu alikuwa rafiki wa babu, Mkamba, waliandikishwa siku moja, naye hakurudi. Jina lake bibi alikuwa amelisahau. Aliyelijua ni babu, na babu alikufa nikiwa shule ya msingi. Kwa miaka hamsini na zaidi tulikuwa tumemtundika ukutani kijana wa watu, tukimwita kwa jina lisilo lake, na huenda kuna boma huko Ukambani ambalo halijawahi kumwona tena.

Baada ya majina, uliza mambo ambayo picha haiwezi kusema yenyewe. Nguo zilikuwa za nani? Koti la kuazima lilikuwa jambo la kawaida, na viatu vilevile. Nani alilipa? Picha ilipigwa kabla ya safari au baada ya kurudi? Ilitumwa kwa nani? Nani alikuwepo siku hiyo lakini hakuingia kwenye picha, na kwa nini? Swali hili la mwisho limenipa habari nyingi kuliko mengine yote, kwa sababu nyuma ya kamera ndiko walikosimama mke mdogo, shemeji aliyegombana na watu, na kaka aliyeingia msituni.

Hatua ya pili: igeuze

Upande wa nyuma unazungumza zaidi ya upande wa mbele, na watu wengi hawajawahi kuutazama. Kama picha imo kwenye fremu, ilaze kifudifudi juu ya taulo safi, toa misumari au klipu polepole, na uinue ubao wa nyuma. Picha ikiwa imegandana na kioo, acha hapohapo. Usiivute, usiiloweshe. Utaipiga nakala kupitia kioo, na mbinu yake nitaieleza mbele.

Tafuta muhuri wa studio. Hata kama studio yenyewe imekufa zamani, anwani itakusaidia, kwa maana barabara za Nairobi zimebadilishwa majina. Kenyatta Avenue ya leo iliitwa Delamere Avenue, na kabla yake Sixth Avenue. Barabara ya Tom Mboya ilikuwa Victoria Street. Kimathi Street ilikuwa Hardinge Street, na Biashara Street ilikuwa Bazaar Street. Moi Avenue ilikuwa Government Road, lakini hapo usifanye haraka: jina hilo liliendelea kutumika miaka mingi baada ya uhuru, hivyo muhuri wa Government Road peke yake hauthibitishi kwamba picha ni ya enzi ya ukoloni. Ukiona herufi B.E.A., yaani Afrika Mashariki ya Waingereza, uko karibu na Vita Kuu, kwa kuwa nchi iligeuzwa kuwa Koloni ya Kenya mwaka 1920. Bei iliyoandikwa kwa rupia nayo ni ya kabla ya shilingi kuingia mwanzoni mwa miaka ya 1920.

Picha nyingi za askari zilichapwa kwenye karatasi ya postikadi, yenye mstari katikati na kisanduku cha stempu pembeni, ili ziweze kuandikwa ujumbe na kutumwa. Maandishi ya mkono huko nyuma yasome kwa mwanga wa ubavuni: zima taa ya chumba, weka tochi ya simu chini kabisa karibu na ukingo wa karatasi, na michubuko ya penseli iliyofutika itajitokeza kwa vivuli. Piga picha hali ikiwa hivyo.

Kuna jaribio moja ninalolipenda kwa sababu kifaa chake kipo kila mtaa. Mwombe jirani mwenye duka la M-Pesa ile taa ya buluu ya kukagulia noti. Imulike pembeni mwa picha, kwenye sehemu nyeupe iliyo safi, kwenye kiza. Karatasi ikiwaka rangi ya samawati nyeupe kama shati lililofuliwa kwa Omo, ina kemikali ya kung'arisha iliyoanza kutiwa kwenye karatasi za picha miaka ya 1950. Maana yake ulichoshika ni nakala iliyochapwa baadaye, hata kama aliyemo ni askari wa 1943, na huenda ile ya kwanza iko kwa tawi jingine la ukoo. Isipowaka, hapo hujathibitisha kitu, maana si kila karatasi ya baadaye ilitiwa kemikali hiyo. Na kama mgongo wa picha unateleza kama plastiki, hiyo ni karatasi iliyoenea kuanzia miaka ya 1970.

Hatua ya tatu: isome sare

Chukua kioo cha kukuzia, au ivute picha kwenye simu. Anza mabegani. Askari wa Keya, yaani KAR (King's African Rifles), jeshi lililoundwa mwaka 1902, mara nyingi huwa na herufi hizo tatu za shaba kwenye ukanda wa bega. Ukisoma EAASC, huyo alikuwa wa uchukuzi, mara nyingi dereva. EAAMC ni wa tiba. Familia nyingi zimenung'unika kugundua kwamba mzee hakushika bunduki, nami sioni sababu ya manung'uniko. Aliyeendesha lori kwenye matope ya bonde la Kabaw huko Burma, au aliyebeba majeruhi, au Panyako, yaani askari wa kikosi cha kazi, aliyejenga barabara, naye alikuwa vitani.

Mishale kwenye mkono wa juu ikielekeza ncha chini ni cheo: mmoja ni koplo mdogo, miwili ni koplo, mitatu ni sajini. Mishale iliyo chini, karibu na kifundo cha mkono wa kushoto, ncha ikielekea juu, ni ya mwenendo mwema, haihusiani na cheo. Watu huichanganya na kumpandisha babu hadi usajini.

Kofia pana iliyokunjwa upande mmoja ndiyo inayofanya kila mtu aseme "Bama". Ni kweli ilivaliwa sana huko, lakini haitoshi peke yake. Tafuta nembo ya mkononi: Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki, iliyoshuka bonde la Kabaw mwaka 1944 na kuvuka mto Chindwin mwezi Desemba, ilikuwa na kichwa cha kifaru. Kifaru pamoja na kofia, hapo nitakubali. Bila kifaru, kumbuka kwamba askari wa Keya walikuwa wamekwisha kupigana Somalia na Ethiopia dhidi ya Waitalia mwaka 1941, na Madagaska mwaka 1942. Mzee aliyesema "ng'ambo" huenda alimaanisha huko.

Medali ndizo huwapoteza wengi. Vita vya Pili vilikuwa na Nyota ya 1939-45, Nyota ya Afrika na Nyota ya Burma, zote zenye ncha sita, umbo moja, na tofauti yake kubwa kwa macho ni utepe. Ule wa Burma una mstari mwekundu katikati, buluu iliyoiva pande zote mbili, na ndani ya kila buluu mstari mwembamba wa machungwa. Ubaya ni kwamba filamu nyingi za zamani hazikuuona wekundu: ziliufanya kuwa mweusi, huku buluu ikifanywa kuwa nyepesi. Kwa hiyo usiseme "utepe wake ulikuwa mweupe pembeni" kwa kuangalia picha tu. Filamu hizohizo ziliwafanya watu wetu waonekane weusi kuliko walivyokuwa, na mpaka leo kuna wajukuu wanaomweleza babu kwa rangi aliyopewa na filamu.

Kagua pia kama picha imegeuzwa kushoto kulia wakati wa kuchapwa. Herufi za begani zikisomeka kinyume, au medali zikiwa kifua cha kulia, negativu iliwekwa upande usio wake. Irekebishe kwenye nakala na uandike kwamba umeirekebisha.

Kuhusu Vita Kuu, jiandae kwa ukimya. Wapagazi wa Carrier Corps, waliotuachia jina la Kariokor, hawakuwa na senti wala nafasi ya kuingia studio. Picha zao nyingi ni za safu ndefu za watu wenye mizigo vichwani, zilizopigwa na maafisa, na chini yake hakuna jina hata moja. Ukipita Kenyatta Avenue utaona wanaume watatu wa shaba wakiwakumbuka watu hao, na hata wao hawana majina. Mwaka 2021 tume ya makaburi ya vita ya Jumuiya ya Madola ilikiri kwamba watu wasiopungua 116,000, wengi wao Waafrika na watu wa Mashariki ya Kati, hawakukumbukwa kwa jina au hawakukumbukwa kabisa, na kwamba idadi yaweza kufika 350,000. Kama nyumba yenu ina picha ya mpagazi mmoja aliye na jina, mmeshika kitu adimu sana.

Raia: waliobaki nyumbani

Picha za wake, mama na watoto zilipigwa mara nyingi ili zitumwe. Moja ilikwenda, moja ikabaki. Ndiyo maana nakushauri uulize kila upande wa ukoo: huenda nusu ya pili ipo kwenye sanduku la mtu aliyerudi nayo. Angalia kilichoshikwa mkononi. Barua iliyoinuliwa, saa iliyogeuzwa ili ionekane, mtoto aliyezaliwa baba akiwa hayupo na sasa amesogezwa mbele kabisa ya kamera. Hayo ni maneno ambayo mama alitaka yasomwe kambini. Kama amejifunga leso, ivute picha usome jina la leso, yale maandishi ya chini. Leso huchaguliwa, na mwanamke aliyekwenda studio na leso yenye ujumbe alijua anasema nini na kwa nani.

Tukifika Hali ya Hatari, iliyotangazwa tarehe 20 Oktoba 1952, mambo yanabadilika na lazima nawe ubadilike. Kiswahili chetu kinasema "nilipiga picha" hata kama aliyeshika kamera ni mwingine, maana mimi ndiye niliyetaka. Lakini kuna picha ambazo mtu alipigwa tu. Wakikuyu, Waembu na Wameru walilazimishwa kubeba vitambulisho vyenye picha, na wapo waliokataa kusimama mbele ya kamera hiyo. Tarehe 24 Aprili 1954 Nairobi ilizingirwa katika operesheni ya Anvil, maelfu wakapangwa mistari, wakakaguliwa na kupelekwa kambini. Ukikuta picha ndogo ya uso mkavu, ukuta mtupu nyuma, pengine kibao chenye namba kifuani, huyo hakuvaa vizuri akaenda studio. Andika kwenye maelezo yako "alipigwa picha", usiandike "alipiga". Namba kifuani haisemi kwamba alikuwa na hatia. Inasema alikamatwa.

Mfano mkubwa tunao katikati ya jiji. Dedan Kimathi, kiongozi wa wapiganaji wa msituni, alipokamatwa tarehe 21 Oktoba 1956 alipigwa picha akiwa amelazwa, ana jeraha na pingu, na picha hiyo ilisambazwa na waliomkamata. Sanamu iliyosimamishwa mwaka 2007 kwenye barabara yenye jina lake inamwonyesha amesimama na bunduki yake. Mtu ni yuleyule. Aliyechagua namna ya kumwonyesha ndiye tofauti.

Kuna jambo la ndani zaidi ambalo ningependa ulichukulie kwa uzito. Katika ukoo mmoja waweza kukuta picha ya kijana wa msituni, na ya ndugu yake aliyekuwa ngati, mlinzi wa upande wa serikali. Watoto wa hao wawili huenda wanazikana mpaka leo bila kulitaja jambo hilo. Usiitume picha kwenye kikundi cha WhatsApp cha familia ili uone watasemaje. Nenda kwa mkubwa wa kila nyumba, mwonyeshe peke yake, umwulize kama anataka ionekane, na iandikwe nini chini yake. Akikataa, piga nakala, andika unachokijua, iweke, na usimwonyeshe mtu. Kuhifadhi na kutangaza ni mambo mawili.

Nakala: kwa skana au kwa simu

Nawa mikono, ikaushe kabisa, shika picha kwa kingo. Vumbi liondoe kwa brashi laini mpya, kutoka katikati kwenda nje. Usitumie maji, mate, spiriti wala kitambaa kibichi.

Ukiwa na skana ya kulaza, piga kwa rangi hata kama picha ni nyeusi na nyeupe, maana ule umanjano na madoa ni sehemu ya ushahidi, na yatakusaidia baadaye kutenganisha doa na uso. Kipimo kiwe dpi 600, yaani nukta 600 kwa kila inchi, kwa picha ya sentimita 9 kwa 13. Hapo utapata nukta zipatazo 2,100 kwa 3,000, na waweza kuichapa mara mbili ya ukubwa wake bila kupoteza ukali. Picha ya pasipoti ipige kwa dpi 1,200. Hifadhi faili la kwanza kama TIFF na usiliguse tena; kazi zote fanya kwenye nakala yake ya JPEG. Piga pia upande wa nyuma, hata ukiwa mtupu. Zima kila kitufe kinachojiita cha kuboresha.

Kwa simu nayo inawezekana, na nimeona kazi nzuri sana. Weka picha mezani karibu na dirisha lisilopigwa na jua moja kwa moja. Kiwingu cha Julai hapa Nairobi ni mwanga bora kuliko taa zote ninazozijua. Upande wa pili wa dirisha simamisha karatasi nyeupe irudishe mwanga. Zima flashi. Usisogee karibu mno, kwa sababu lenzi pana ya simu itapanua pua na kupinda kingo: rudi nyuma kidogo, tumia lenzi ya mara mbili kama unayo, na hakikisha simu iko sambamba na meza. Piga kwa kipima muda ili kidole kisiitingishe.

Kama picha iko nyuma ya kioo, vaa nguo nyeusi. Chukua kadibodi nyeusi, itoboe tundu la ukubwa wa lenzi, uishike mbele ya simu. Kioo kitaakisi weusi tu, na babu atabaki peke yake.

Ukimtumia mtu kwa WhatsApp, itume kama dokumenti. Ukiituma kama picha ya kawaida inabanwa, na ndani ya mikono mitano zile herufi za begani zimegeuka ukungu.

Na hapa nakusihi. Programu za akili unde zinazodai kurudisha sura haziioni sura ya babu yako. Zinaona ukungu na kuchora mtu mwingine anayefanana na watu ambao zilifundishwa kwa picha zao. Nimeona kovu la shavuni likifutwa, masikio yaliyotogwa yakizibwa, ngozi ikipaushwa, na familia nzima ikishangilia. Kutia rangi nako ni kubuni: programu haijui kama utepe ulikuwa wa Burma au wa Afrika. Ondoa mikwaruzo kwa mkono kama unaweza, nje ya uso, na uache mengine. Ukitaka ya rangi kwa ajili ya matanga au harusi, iandike wazi kwamba rangi ni za kubuni, na usiiruhusu ichukue nafasi ya ile ya kwanza.

Kuitunza ile asili

Adui wa kwanza ni laminesheni. Picha ya pekee ya kaka yake babu ilipelekwa duka moja mjini kwa nia njema, ikarudi imefungwa ndani ya plastiki, ikiwa na mapovu usoni. Joto na gundi vikishaingia kwenye picha ya zamani havitoki. Ukiulizwa dukani kama waipige laminesheni, sema hapana, na uitoe mezani.

Adui wa pili ni albamu ya kurasa zenye gundi na nailoni juu, ile iliyopendwa miaka ya themanini. Picha ikitoka kwa urahisi, itoe. Ikigoma, pitisha uzi wa kusafishia meno nyuma yake polepole kama msumeno. Ikizidi kugoma, piga nakala hapohapo kwenye ukurasa. Usitumie selotepu kuunganisha vipande; viweke pamoja ndani ya bahasha moja.

Iweke ndani ya bahasha ya karatasi isiyo na asidi, au mfuko angavu wa polipropilini ama poliesta. Mifuko laini inayonuka plastiki iepuke, hiyo ni ya PVC na huitafuna picha. Bahasha iingie kwenye boksi la kadibodi imara, na boksi likae kabati la ndani: si dari ya mabati inayochemka mchana, si sakafu, si ukuta wa nje unaotoa unyevu mvua za Machi hadi Mei. Mende na wadudu wa karatasi hupenda utando wa picha kwa kuwa umetengenezwa kwa jelatini, ambayo kwao ni chakula. Fungua boksi kila baada ya mvua. Ukutani tundika nakala, yenye karatasi ya fremu inayoitenga na kioo.

Faili la kompyuta lihifadhi sehemu tatu: diski yako, hifadhi ya mtandaoni, na kwa ndugu anayeishi mji mwingine. Jina la faili liwe na maana, mwaka, mahali na mtu, badala ya tarakimu za kamera. Jambo hili linawahusu zaidi walio na watoto jeshini leo. Tangu KDF ilipoingia Somalia Oktoba 2011, picha za askari wetu zinaishi ndani ya simu, na simu ikiibwa Kencom zimekwenda. Chapeni moja, muiweke. Na msiitupe mtandaoni picha inayoonyesha kikosi au mahali alipo.

Kuendelea kutafuta

Hifadhi ya Taifa iko Moi Avenue, kwenye lile jengo la zamani la benki linalotazamana na sanamu ya Tom Mboya. Nenda na kitambulisho, nakala ya picha, na wilaya ya zamani ya mzee, kwa kuwa mafaili ya utawala yalipangwa kwa wilaya. Kwa waliokufa vitani, tovuti ya tume ya makaburi ya Jumuiya ya Madola ina orodha unayoweza kuitafuta bure, na Ngong Road kuna makaburi ya vita yenye ukumbusho wa wasio na kaburi. Wengine walimezwa na maji: meli ya Khedive Ismail, iliyotoka Mombasa kwenda Colombo, ilizamishwa tarehe 12 Februari 1944 ikiwa na mamia ya wapiga mizinga wa Afrika Mashariki.

Unapotafuta, usiiamini tahajia. Karani aliandika alichosikia. Jaribu Mutua na Mutwa, Ochieng na Ocheng, jina la baba likiwa mbele, jina la ubatizo likiwa halipo. Mimi nimemtafuta yule Mkamba mrefu kwa namna zote hizi, na mpaka sasa sijampata.

Ukimaliza, chapa nakala mbili nzuri. Moja mrudishie mzee aliyekupa majina, mkononi, umsomee ulichoandika kabla hujakiweka rasmi. Nyuma ya nakala andika kwa penseli laini, karibu na ukingo, bila kukandamiza. Kalamu ya wino hupenya. Yetu inasema hivi: "Kulia: babu. Kushoto: rafiki yake, Mkamba, hakurudi. Nairobi, kabla ya kwenda Bama. Majina yametolewa na bibi, Desemba 2019." Mbele ya neno "Mkamba" nimeacha nafasi ya jina.